Neno la Shukrani

Itifaki ikishazingatiwa, watu wa mji wetu huegemea, hulegeza shingo na kusubiri kuelewa.

Alhamisi ile walikuja kuelewa mbawakawa. Mhadhiri alikuwa mama mmoja wa idara ya wadudu, mwenye sauti ya mtangazaji wa bei za mazao, na alieleza jinsi mbawakawa wanaoviringisha kinyesi wanavyoshika njia kwa kufuata nyota. Wiki iliyotangulia walielewa mikataba ya kikoloni, na kabla ya hapo hesabu za maumbo ambayo hakuna mkono unaoweza kuyachora. Ukumbi wa Mwangaza haubagui. Sayansi, sheria, falsafa, muziki, vyote vinaingia kwa mlango mmoja, na watu wanatoka wamenawiri kama waliotoka kuoga.

Mimi nilikuwa jukwaani, pembeni, kwenye kiti cha mbao. Kazi yangu ni kutoa neno la shukrani. Zamani nilifundisha mantiki chuoni hapo, mpaka idara yangu ikafungwa kwa maelezo kwamba mahitaji yake yameshakidhiwa na viti vya uelewa vya ukumbini, nami nikapewa kazi hii ili nisiseme sana. Mtoa shukrani hakai kwenye kiti cha uelewa, kwa sababu lazima abaki na akili ya kukumbuka wageni kwa mpangilio wa vyeo vyao. Kwa hiyo katika ukumbi mzima, ukimwondoa mhadhiri ambaye anasimama, ni mimi tu niliyekuwa nikichoka, nikipotea, nikirudi, nikijiuliza mbawakawa anafanya nini siku ya mawingu.

Hakuna aliyeuliza hilo. Profesa Sempombe, mwenyekiti wa Kamati ya Mihadhara, aliinuka taratibu kwenye kiti chake huku akitabasamu bila sababu, akaniita. Nikaenda kwenye kipaza sauti, nikawataja wakubwa kuanzia mgeni rasmi kushuka chini, nikasema kwa niaba ya kamati na kwa niaba yangu binafsi, asante sana.

Hapo ndipo viti hufanya kazi yake. Ukiwa mbele unaona kila kitu. Mabega yanashuka, midomo inaachia, halafu ukumbi wote unatoa sauti moja ya chini, "Ahaa," kama ng'ombe waliofikishwa majini. Nimeisikia miaka mingi na bado inanitia kichefuchefu.

Kwenye meza ya sambusa nilimkuta mdogo wangu Nakiete. Ni wakili. Mahakamani huwatoa mashahidi jasho kwa kuwauliza saa ngapi, wapi na nani mwingine alikuwepo. Nilimuuliza mbawakawa wanazionaje nyota wakati kichwa wamekiinamisha chini. Alinitazama kwa huruma, akatafuna, akasema, "Dada, ni jambo pana sana. Ukishalielewa, limeeleweka."

Akageukia mambo yake. Mafundi walikuwa wanaweka vigae kwenye baraza mpya ya nyumba yake kule Mtaa wa Mgongoni, jirani na uwanja wa shule. Alimlalamikia fundi geti, ambaye alilitundika vizuri wakati wa kiangazi na sasa linakwaruza chini, halifungi, na amerudishwa mara ya pili bila mafanikio. Nikamkumbusha kwamba mwezi uliopita Dakta Heriel Msangi wa jiolojia alisimama hapa hapa akasema kilima cha Mgongoni kinatembea, na nyumba zote za pale zitashuka nacho mvua za vuli zikikolea.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilielewa vizuri mno. Ule ulikuwa mhadhara wa mwaka."

Kisha akaniuliza kama vigae vya kijivu vinapendeza kuliko vya kahawia.

*

Dakta Heriel alikuja kwangu Jumamosi asubuhi, buti zimejaa tope jekundu. Sikumpenda. Katika ule mhadhara wake wa kwanza alipigiwa makofi akainama, akapigiwa tena akainama tena, na niliondoka nikimhesabu miongoni mwa wale wanaodhani makofi ni hoja. Lakini safari hii hakuwa na uso wa kuinamia mtu. Nilimpa chai, akaishika tu.

Alinieleza alichokuwa akifanya tangu siku ile. Kilima kina udongo mwekundu juu, chini yake tabaka la udongo wa mfinyanzi, na chini kabisa mwamba. Maji yakifika kwenye ule mfinyanzi, kilichoko juu kinapoteza pa kushikilia. Nyufa zimeshatokea nyuma ya nyumba kadhaa. Kwa hiyo alipita nyumba kwa nyumba, akiwasihi watu wahame kabla ya mvua. Walimkaribisha, wakamwandalia kiti, wakampongeza kwa mhadhara. Tumeshaelewa, Dakta, walimwambia. Alipowauliza basi mnahama lini, walimwona kama mtu aliyebadilisha mada. Alikwenda Halmashauri, akaambiwa kwamba suala hilo limeshaeleweka katika ngazi zote.

"Mama, ningekuwa sijatoa ule mhadhara, wangenisikiliza," alisema. "Sasa kila nikifungua mdomo wananiambia wanajua."

Na kilichomleta ndicho hiki. Kamati ilikuwa imeamua mhadhara ule urudiwe Alhamisi inayofuata, kwa maombi ya wengi. Watu waliupenda, walitaka kuuelewa tena. Heriel alitaka viti vibadilishwe siku hiyo. Badala ya kuwamiminia watu raha mwishoni, viwamiminie hofu. Mhandisi wa viti alishamwambia kwamba inawezekana, ila hatafanya bila idhini yangu, kwa kuwa niliwahi kumfundisha na bado ananiogopa.

Nilimuuliza kama amefikiria anachokiomba. Raha waliyopewa ni ya uongo, na hofu atakayowapa nayo itakuwa ya uongo, hata kama kilima ni cha kweli. Mtu aliyekimbizwa na kiti hajui anakimbia nini. Leo atakimbizwa kutoka kwenye maporomoko, na kesho anayekitamani kiwanja chake atamkimbiza kutoka kwenye nyumba isiyo na ufa.

"Wakishahama, Mama, tutakaa tujadili maadili," alisema. "Wakishakufa utajadiliana na nani?"

Ukiniuliza nawaonaje watu wa mji huu, nitakwambia wamejifanya wajinga kwa hiari yao, tena kwa foleni na kwa nguo nzuri. Nimewadharau kwa moyo wote. Lakini mmoja wao ni Nakiete, na sina ndugu mwingine. Yeye ndiye aliyeniuguza nilipovunjika nyonga, akinisomea magazeti kwa sauti na kuyakosoa mstari kwa mstari, kabla hajaanza kwenda Ukumbi wa Mwangaza na kuacha kukosoa chochote. Nilimwona akilini akiwa kitandani mwake, juu ya udongo mwekundu, na mvua inaanza.

Nikamwambia Heriel nitazungumza na mhandisi.

*

Mhandisi anaitwa Ombeni, na ofisi yake iko chini ya jukwaa. Aliponiona alisimama, akafuta kiti kwa mkono wa shati.

Nilimtaka anieleze kiti kinafanya nini hasa, na akafurahi kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Kwenye egemeo la shingo kuna kibati cha shaba. Mtu anaposikiliza jambo gumu hufika mahali akakwama, na akikwama ubongo humpa kero ndogo. Hiyo kero ndiyo humfanya mtu aulize, arudie, apekue, agombane. Kiti hakimfundishi mtu chochote. Kinaishika tu ile kero isimfikie. Kero moja, ya pili, ya kumi, zote zinashikiliwa, mtu anabaki ametulia. Mwishoni zinayeyushwa zote kwa mkupuo, na mahali pake inaingia raha ya mtu aliyepata jibu. Wao wanaiita utulizo.

"Na kiti kinajuaje kwamba ni mwisho?"

"Hapo tulihangaika sana, Mwalimu," alisema. "Kwanza tulitegea maneno ya mhadhiri, akisema kwa kumalizia. Wahadhiri wetu wanasema kwa kumalizia halafu ndiyo wanaanza. Tukategea makofi, lakini hapa watu wanapiga makofi hata mgeni rasmi akifungua maji. Tukakaa tukajiuliza, ni kitu gani katika mikutano yetu hakijawahi kukosekana?"

Nilikwisha kulielewa kabla hajasema. Ni neno la shukrani. Hakuna anayethubutu kuondoka kabla yake, na baada yake hakuna anayebaki isipokuwa wa sambusa. Wakafunga utulizo kwenye asante. Na kwa kuwa kila anayeshika kipaza sauti hushukuru huyu na yule, wakaufunga kwenye asante ya sauti yangu peke yake. Mimi, alisema Ombeni kwa heshima zote, huwa sishukuru ovyo.

Fikiria. Walitengeneza mashine ya kuingia ndani ya ubongo wa binadamu, kisha wakaifunga kwa adabu za mkutano wa harusi. Na hapakuwa na mtu kati yao aliyewaza kwamba siku moja mtoa shukrani anaweza kukataa, kwa sababu katika nchi hii jambo hilo halijawahi kutokea.

Nikamuuliza ingekuwaje nisiposhukuru. Kushikilia kuna kikomo, alisema. Baada ya muda viti vitaachia, na kero zote zitarudi kwa mwenyewe kwa pamoja. Katika majaribio mtu mmoja alitapika na mwingine alilia akimwita mama yake aliyekwisha kufa. Wale walikuwa wagumu, tena vijana, na walikuwa wamekalia viti siku chache tu. Hawa wa sasa hawajakwama miaka mingi.

Kisha akafungua droo akanipa rimoti ndogo nyeusi yenye kitufe kimoja. Nikikibonyeza, asante yangu itafungulia hofu badala ya utulizo.

"Sitaki kuamua mimi," alisema. "Ulitufundisha wewe kwamba anayejua matokeo ndiye anayebeba mzigo."

Nilitamani ningekuwa nimewafundisha kitu kingine. Nikaitia rimoti kwenye mkoba, nikaondoka.

*

Alhamisi ukumbi ulifurika. Mgeni rasmi alikuwa Meya, na alikuja na msafara kama mtu anayekwenda kufungua daraja. Profesa Sempombe alimkaribisha kwa hotuba ndefu kuliko haja, akasema chuo chetu kimeufikisha umma mahali ambapo hakuna swali linalobaki. Alisema hivyo kwa fahari. Nakiete alikuwa safu ya tatu na gauni la bluu, akanipungia mkono.

Heriel alieleza vizuri kuliko mara ya kwanza. Alionyesha picha za nyufa, akaonyesha ramani. Alisema mtaa mzima uondoke, na kwamba mahali salama pa kukusanyika ni uwanja wa shule, maana pale mwamba uko karibu na juu, na mabasi ya Halmashauri yatawachukua watu kutoka hapo. Aliyasema hayo akinitazama mimi. Wengine wote walikuwa wametulia, nyuso laini, macho nusu. Ungewaambia kwamba kilima ni cha maziwa wangekubali.

Profesa Sempombe akaniita.

Nilisimama na mkono ndani ya mkoba, kidole kwenye kitufe. Nawaambia ukweli, nilikuwa karibu kukibonyeza. Ilikuwa rahisi mno. Neno moja, na Nakiete angetoka mbio na gauni lake, na usiku wa mvua usingemkuta kule. Angeishi. Asingejua kwa nini, lakini angeishi, na kuna watu wengi wazuri wanaoishi bila kujua kwa nini.

Ila nilimtazama usoni, nikaona nitakuwa nimemwokoa kama mtu anavyoondoa kuku barabarani. Dharau yangu yote kwa ukumbi ule ingekuwa imefika kikomo chake, na kikomo chenyewe ni hicho, kuwafukuza kama kuku. Na Sempombe anawadharau hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye huwabembeleza. Nilitoa mkono kwenye mkoba. Nilijua pia kwamba kutoshukuru nako ni kuwashika watu kwa nguvu, na kwamba kuna atakayeumia. Nilichagua hilo kwa sababu kero watakayoipata ni ya kwao wenyewe. Haitoki kwangu wala kwa Ombeni.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," nilisema, "Mwenyekiti, ndugu wananchi. Leo sina neno la shukrani. Nitasubiri."

Nikanyamaza.

Mwanzoni waliona ni mbwembwe. Wakangoja. Sempombe akanitolea macho, halafu akaja kwenye kipaza sauti akasema asante sana yeye, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu kwa Kiingereza. Viti havikumjali. Meya alijiinua kidogo, akakumbuka kwamba mgeni rasmi haondoki kabla ya shukrani, akaketi. Hata hofu ya kufa isingemtoa mtu yule nje ya ratiba.

Kisha viti vikaachia.

Sitaki kuliremba jambo lile. Mwanamume mmoja wa safu ya nyuma alianza kupumua kwa sauti kubwa. Mwingine akashika kichwa, akauliza ukuta kitu ambacho sikukisikia. Kuna bibi aliyetapika kwenye mkoba wake, na watu wawili wakasimama wakinitukana, wakitaka niseme, niseme tu, wameshachoka. Ombeni alipanda kutoka chini amebeba maji na ndoo, uso umemsawajika. Heriel alinijia mbio akaninong'oneza kwamba nimewaua, kwamba sasa watachukia hata jina la kilima. Ningeweza kumaliza yote kwa neno moja, na nilikuwa nimelishika mdomoni.

Nakiete alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Dada," alisema. "Sijaelewa."

Ukumbi ulimgeukia. Nadhani wengi wao walikuwa hawajalisikia neno lile hapo ndani tangu viti vilipofungwa.

"Hujaelewa nini?"

"Kilima kinatembeaje? Kilima ni kilima." Akamgeukia Heriel, na sauti yake ikaanza kurudi ilikotoka, ile ya mahakamani. "Umesema kinateleza. Kinateleza juu ya nini, kuelekea wapi? Nionyeshe."

Heriel alitazama ramani yake, akaona haitoshi. Akashuka kwenye meza ya viburudisho, mbele ya safu ya wageni, akachukua sinia la sambusa pamoja na karatasi iliyolowa mafuta chini yake, akaliinamisha taratibu. Sambusa hazikudondoka moja moja. Zilishuka zote kwa pamoja na karatasi yake, zikaenda kumwagika mapajani kwa Meya. Heriel akasema karatasi ndiyo mfinyanzi, mafuta ndiyo maji, na sambusa ni nyumba zenu. Mtu mmoja akasema, mbona sinia umeliinamisha kwa mkono, kilima chetu kimeinama kiasi gani? Mwingine akauliza maji yanaingilia wapi. Wakawa wanaongea wote, kwa hasira, bila adabu, bila kupanga vyeo. Sijawahi kuona mhadhara mbaya kuliko ule kwa utaratibu, na kwa mara ya kwanza tangu idara yangu ifungwe sikuwadharau.

Nakiete hakuketi.

"Unasema maji yanaingia juu, kwenye nyufa," alimwambia Heriel. "Na kwamba uwanja wa shule ni salama. Mimi nimepakana na ule uwanja. Geti langu la upande ule halifungi tangu mwezi uliopita. Nilidhani ni fundi. Nguzo moja imeshuka, na bustani inalowa maji wakati mvua hazijaanza. Hayo maji yametoka wapi, kama uwanja umekaa juu ya mwamba?"

Heriel alikwenda kwenye ramani akaweka kidole kwenye uwanja, akakipeleka juu, akakirudisha. Nilimwona akikwama, bila kiti cha kumshikia kero yake. Alitazama pale palipo geti, shule, mtelemko, akatazama tena. Kumbe naye hakuwahi kuulizwa. Alikuwa amelisema jambo lake mbele ya watu wanaokubali kila kitu, likamrudia likiwa limesifiwa, akaliamini.

"Sijui," alisema. Akaondoa kidole kwenye ramani. "Sijui. Kama maji yanatokea pale, basi mfinyanzi umepita chini ya uwanja, na uwanja ndio utakaotangulia."

Mimi nililifahamu hilo taratibu. Mkoba ulikuwa begani, na rimoti ndani yake. Ningekibonyeza kile kitufe, mtaa mzima ungekimbilia uwanjani, kwa hofu isiyouliza swali, ukakaa pale kungoja mabasi.

*

Hawakuhama wote mara moja, na sitasema uongo ili hadithi ipendeze. Wengine walikasirika, wakaenda kulala kwenye nyumba zao kwa ukaidi. Lakini wengi walirudi kesho yake wakiwa na maswali zaidi, wakamburuta Heriel kilimani, wakachimba mashimo uwanjani mpaka wakaufikia mfinyanzi wenyewe kwa mikono, na walioushika waliwashawishi wale wakaidi kuliko mhadhara wowote. Uwanja uliposhuka, katika juma la pili la mvua, uliondoka na shule tupu, nyumba ya Nakiete, baraza, vigae vya kijivu na lile geti. Kilima kikafuata. Hapakuwa na mtu.

Nakiete anaishi kwangu sasa. Anauliza maswali mfululizo: kwa nini chai imechelewa, nani alisema, nina ushahidi gani. Ananichosha sana, na usiku namsikia akipumua chumba cha pili, nami natulia.

Kamati ilinifikisha mbele ya baraza la nidhamu kwa kosa la kuvuruga itifaki. Nilikiri kosa, na nilikiri kwa ajili ya yule bibi pia, ambaye nilikwenda kumwona na hakutaka kuniona. Wakanifukuza kazi. Ndipo walipogundua kwamba viti havifanyi kazi tena. Ombeni aliwaeleza kwa utulivu, nadhani kwa raha pia, kwamba kwa hesabu ya mashine mhadhara wa Dakta Heriel haujafungwa, na viti haviwezi kuanza mwingine kabla ya kumaliza ule. Vinasubiri neno la shukrani. Walimwambia aitafute njia nyingine, akasema ataitafuta. Bado anaitafuta. Kwa sasa Alhamisi wanahadhiri kwenye viti vinavyosubiri, na watu wanakwama, wanaguna, wanakatiza, na mhadhiri wa ushairi alitoka juzi analia.

Jana Profesa Sempombe alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni kwangu, mvua inamdondokea kwenye kola, akaniomba kwa upole. Alisema ni neno moja tu, na hata mshahara wangu utarudishwa. Nilimtazama, msomi mzima, aliyekalia kiti cha mbele katika ile mihadhara yote miwili ya kilima. Nilimwambia siku atakayonieleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini uwanja ulitangulia na kilima kikafuata, nitakwenda ukumbini kushukuru.

Alifungua mdomo. Nikamngoja, kwa kuwa sikuwa na haraka. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama Dakta Heriel bado ana lile sinia.